Aliyekaliwa Eda

Upande wa ukutani wa godoro ulikuwa umelowa. Somoe aliupapasa, akadhani paa linavuja, akatazama juu. Bati lilikuwa kavu, na mvua haikuwa imeonekana Mtoni Mtongani tangu ile dhoruba yenyewe. Akamwita mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, wakalianika godoro uani mpaka likakauka. Kesho yake baada ya adhuhuri upande uleule ulikuwa umelowa tena. Safari hii Somoe alinusa kiganja chake. Kilinuka bahari.

Upande ule ndio aliokuwa akilala mumewe, Salumu.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana usipojua walivyozika hutaelewa kilichowapata. Dhoruba ilipiga alfajiri, boti zikiwa nje kwenye dagaa. Zilizorudi zilikuwa chache, nazo hazikurudi na watu wote. Mtaa mzima ukawa msiba. Turubai halikukunjwa, lilihamishwa tu kutoka uwanja wa huyu kwenda wa yule, na wanawake jikoni wakawa hawajui tena ni msiba wa nani wanaoupikia.

Wengine walipata maiti zao, wakazika. Bi Mwanakombo hakupata kitu. Akawa anashinda ufukweni, hali, hanywi, na ukimwambia mama twende nyumbani anakuuliza, "Niende, nimwachie nani mwanangu?"

Ndipo ikaja habari kwamba kuna maiti nyingine mochwari, wakaenda yeye na Somoe. Uso haukuwa uso tena. Ila ilivaa jezi nyekundu, na Salumu alitoka na jezi nyekundu, ingawa mabaharia wote wa boti yake walikuwa nazo. Bi Mwanakombo alijitupa juu yake. "Ndiye! Ndiye mwanangu Salumu!"

Macho ya Somoe yalikwenda miguuni. Salumu hakuwa na kidole kidogo cha mguu wa kulia, kilikatwa na mnyororo wa nanga tangu ujana wake. Mguu ule ulikuwa na vidole vyake vyote. Somoe akamtazama mkwewe anavyolia, kilio cha mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta, akanyamaza. Mie simlaumu. Ungekuwa weye ungesema?

Wakaosha, wakakafini, wakazika kwa jina la Salumu, na Somoe akaingia eda. Akakaa ndani, hatoki, hajipambi, anangoja siku za mjane zitimie. Jamani, akamkalia eda mtu asiyemjua.

Baada ya godoro zikaja nyayo. Zilikuja mchana, saa ile jua linapowaka na watu wamejilaza, zikaanzia mlangoni zikakata sakafu ya saruji mpaka kitandani, nyayo za maji za mtu aliyetembea taratibu kama mwenye nyumba. Somoe aliinama kuzitazama akiomba Mungu aone mguu wa kulia umepungua. Haukupungua. Vidole vyote vilikuwepo, vimejichora wazi kabisa, na wakati bado ameinama hivyo akasikia kitanda nyuma yake kinalia, kile kilio cha mbao mtu anapokaa, na godoro likabonyea, na harufu ya mwani uliooza ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka.

"Mke wa Salumu," sauti ikaita.

Ilikuwa sauti ya Salumu, lakini Salumu hakupata kumwita hivyo hata siku moja. Yeye alimwita Kidoti, kwa ile alama nyeusi chini ya mdomo wake, na alimwita hivyo wakiwa wawili tu. Hata mama yake hakulijua jina hilo.

Somoe alitoka mbio mpaka jikoni, akaanguka miguuni kwa Bi Mwanakombo.

"Mama, nisamehe. Yule tuliyemzika siye. Nilimwona vidole. Nilikuonea huruma, nikanyamaza."

Bi Mwanakombo aliendelea kuchambua mchele. "Una homa, mwanangu," akasema. "Nitakuitia Maalim."

Na kweli akamwita. Maalim Hatibu alitoka Mbagala, mtu mzima wa maneno machache. Akavua viatu, akafukiza ubani, akaanza kisomo. Hakufika mbali. Mwili wa Somoe ulikakamaa, kinywa kikafunguka, ikatoka sauti isiyokuwa yake.

"Unanisomea mie? Mie sikuingia kwa dirisha. Nilikuwa nimelala zangu kwenye meza ya baridi, nimevaa mwili wa watu, akaja mwanamke akaniita mwanangu. Wakanipa jina, wakanipa sanda na kaburi. Na huyu hapa ananikalia eda. Mke wangu huyu. Nitoke niende wapi?"

Maalim alifunga msahafu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Aliposema na Bi Mwanakombo alinong'ona, kana kwamba chumba kinamsikia.

"Mama, huyu si wa kutoka kwa ubani. Neno la mzazi ndilo lililomwingiza, na neno la mzazi ndilo litakalomtoa. Mwambie: usiniite mama, wewe si mwanangu. Basi. Lakini neno hilo likishasemwa halirudi, na atakayeambiwa litamwondoa, awe nani awe nani."

Somoe, amelala chini hana nguvu, alimtazama mkwewe. Lilikuwa jambo la pumzi moja tu.

"Nikisema huyu siye," Bi Mwanakombo akasema, "basi wangu yuko wapi? Si yuko majini, analiwa na samaki? Maalim, mie nina kaburi la kwenda kusomea yasini. Unataka nilifukue kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Huyu binti atakwisha, mama."

"Kwaheri, Maalim."

Maalim akavaa viatu, akaenda zake.

Tangu hapo mambo yakaharibika hasa. Somoe alishika simu ampigie kaka yake Kilwa aje kumtoa, kaka akapokea, akasema haloo, na Somoe alipofungua kinywa kikajaa maji ya chumvi, yakamwagika kifuani, akabaki anakohoa mpaka kaka akakata. Kila alipotaka kusema habari ile ilikuwa hivyo. Akitaka kutoka, miguu inaishiwa nguvu kizingitini. Na Bi Mwanakombo, Yarabi, Bi Mwanakombo akaanza kunawiri. Akawa anaingia chumbani mchana na sahani ya samaki, wabichi, maana ndivyo alivyoombwa, anaiweka kitandani, anakaa anazungumza na godoro lililobonyea, anacheka, halafu anatoka na miiba mitupu anasema, "Leo mwanangu amekula vizuri." Na Somoe yuko pale pembeni amekumbatia magoti, anaona yote, hana la kufanya.

Siku moja baada ya adhuhuri simu ya Somoe ikaita. Namba ngeni. Akaiweka sikioni.

"Haloo? Kidoti?"

Somoe akaibana simu sikioni.

"Kidoti, ni mie. Nipo Mtwara, hospitali. Kuna meli ya mizigo ilituokota, mie na mwenzangu, mwenzangu akafia njiani. Nilikuwa sijitambui, sina simu, sina chochote. Nimeazima hii ya nesi. Kidoti, mbona husemi? Mama hajambo?"

Alikuwa Salumu. Sauti imekauka, inakwaruza, lakini alikuwa Salumu mzima, anapumua. Somoe alifungua kinywa alitaje jina lake, na maji yakaja, mengi kuliko siku zote, yakatoka puani na mdomoni, yakalowesha kanga, yakatapakaa sakafuni, na kwenye simu mumewe anaita tu, Kidoti, Kidoti, unalia? Somoe akatambaa mpaka kwa Bi Mwanakombo aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akamtia simu mkononi kwa nguvu.

"Nani?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Mama! Shikamoo mama, ni mie, Salumu."

Kwa muda mfupi uso wa Bi Mwanakombo ukawa ule wa ufukweni, na Somoe akamshika miguu kwa mikono miwili, akimwomba kwa macho. Kitanda kikalia. Kutoka kwenye godoro ikaja sauti laini, changa, tamu kuliko ile ya kwenye simu.

"Mama, nani huyo anayekusumbua?"

Bi Mwanakombo akatazama kitandani. Akatazama simu. Kisha akaivuta karibu na mdomo wake.

"Usiniite mama," akasema. "Wewe si mwanangu."

Somoe akamsikia mumewe anakohoa, kikohozi cha mtu aliyemeza maji, akakohoa tena, nesi akapiga ukelele, na baada ya hapo ukasikika mvumo wa mawimbi tu mpaka simu ikakatika.

Bi Mwanakombo akaiweka simu kando, akapangusa sakafu kwa pindo la kanga yake, akaenda jikoni kuandaa samaki.

Somoe akabaki chini. Godoro likabonyea upande wa ukutani.

"Kidoti," sauti ikaita. "Njoo ulale."