Giga Ishirini

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, karani wa karakana ya miguu ya bandia aliwasha kompyuta, akaandika neno lake la siri, akafungua jalada la vipimo na kulikuta tupu. Halikuwa na jina wala namba. Wagonjwa mia tatu na sita, kila mmoja na urefu wa paja lake, mzunguko wa goti, picha za sehemu ya mguu iliyobaki na mchoro wa mguu aliotengenezewa, wote walikuwa wametoweka. Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Iliwaka upesi kuliko kawaida yake.

Saa tatu, Mkuu wa karakana alikuwa ameshaandika barua ya kumfukuza karani kazi.

"Neno la siri unalijua wewe peke yako," alimwambia mbele ya watu. "Ijumaa nilikunyima likizo, ukatoka umenuna. Saa kumi jioni utasaini barua hii, na kesho utayaeleza vizuri kituoni kwa polisi."

Hata hivyo alikuwa mtu wa kutaka ushahidi, akampigia simu mtu aliyeifunga mashine hiyo miaka minne nyuma. Wote walimwita Mzee Bisibisi, kwa sababu ya bisibisi ndogo iliyokaa mfukoni mwa shati lake mahali ambapo wengine huweka kalamu. Alikuwa amestaafu ufundi wa kompyuta, lakini bado alivaa kama mtu anayekwenda kazini, vifungo vyote hadi shingoni. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha darasa la jioni, na alipenda kusema kwamba hakuna mashine aliyoifunga yeye iliyowahi kupoteza hata herufi moja.

Alifika saa nne kasorobo. Alipita chumba cha plasta, ambako mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuwa amezamisha mikono yote kwenye ndoo. Ndiye aliyewapima wagonjwa na kuwafinyangia miguu kwa plasta. Pale karakana walimwita Hamsini.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona huniangalii?"

"Plasta inaganda, Mjomba."

Mzee akaendelea hadi ofisini. Karani alikuwa amekaa kando ya meza yake mwenyewe kama mgeni, macho mekundu.

"Usilie kwanza, mwanangu. Nijibu. Ijumaa ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja kasorobo."

"Vipimo vilikuwepo?"

"Vyote, isipokuwa vya yule dereva aliyekuja mwisho. Nilipotaka kuhifadhi, mashine ikaniambia nafasi imejaa. Nikajaribu mara tatu. Nikaviandika kwenye karatasi, hii hapa."

"Ukamwambia nani?"

"Nililalamika kwa sauti, Mzee. Nusu ya karakana ilinisikia."

"Mbona hukunipigia mimi?"

Karani alikunja kile kikaratasi, akakikunjua. "Mara ya mwisho nilipokupigia, uliniuliza kama nilifundishwa kusoma."

Mzee alikohoa kidogo. Hakulikumbuka neno hilo, lakini aliitambua sauti yake mwenyewe ndani ya neno hilo. Akatoa flashi mkobani, akaichomeka, akaiwasha mashine kwa mfumo uliokuwa ndani ya flashi ili asiiguse diski kabla ya kuichunguza.

Mkuu alisimama nyuma ya kiti chake. "Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Diski ni nyumba. Ukiijenga bila kuta, jiko likiungua na vitanda vinaungua. Nilipoweka mfumo wa Linux hapa niliigawa diski vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha mfumo wenyewe, giga ishirini. Cha pili kikubwa, cha vipimo. Cha tatu kidogo, cha akiba, mashine ikizidiwa na kazi. Mfumo ukifa leo, nauweka upya kwenye chumba chake, na vipimo havisikii kitu."

"Lakini vimekufa."

"Ndiyo maana nimekuja, Mkuu."

Alifanya kazi kimya dakika arobaini, akiandika kwenye daftari lake. Jambo la kwanza: chumba cha vipimo hakikuwa kile alichokijenga yeye. Diski huandika siku ambayo kila chumba kilizaliwa, na hiki kilizaliwa Jumamosi hii, saa saba na dakika ishirini mchana. Jambo la pili: aliyekijenga upya alikibandika jina lilelile la zamani, ili mashine ikiwaka ikitambue. Hiyo ilikuwa desturi ya Mzee mwenyewe, aliyowasisitizia wanafunzi wake kila muhula. Karani asingeijua, wala Mkuu.

Jambo la tatu lilikuwa namba. Chumba cha mfumo hakikuwa tena na giga ishirini. Kilikuwa na hamsini.

Aliitazama namba hiyo kwa muda mrefu. Alimjua mtu mmoja tu aliyewahi kuitaja katika ofisi ile. Akaiandika kwa mwandiko mdogo chini ya ukurasa, akaamua kutomjua mtu huyo kwa saa chache zaidi.

"Vipi?" Mkuu aliuliza.

"Aliyefanya hivi alikuja na flashi kama hii yangu. Hakuhitaji neno la siri la mtu yeyote."

"Kwa hiyo karani hana kosa?"

"Nimesema neno la siri halithibitishi kitu. Jumamosi aliingia nani?"

Wafanyakazi hawakuandikwa getini. Wengi walikuwa na funguo zao. Wageni waliandikwa, na daftari la mlinzi lilikuwa na mgeni mmoja: fundi umeme, aliingia saa tatu asubuhi kubadilisha nyaya zilizochakaa, akatoka saa sita. Mzee alilisoma jina lake mara mbili, na moyo wake ukapata nafuu iliyomtia aibu. Fundi huyo aliwahi kusoma kwake muhula mmoja.

Fundi umeme alikuja saa saba, nyaya zimezunguka bega.

"Mwalimu! Bado hujachoka na haya masanduku?"

"Kaa. Jumamosi uliigusa mashine hii?"

"Mimi? Mwalimu, nilikimbia darasa lako wiki ya tano, tulipofika kugawa diski. Uliniambia kichwa changu kinafaa kubebea ngazi."

Karani, pamoja na huzuni yake, alicheka puani. Mzee hakucheka.

"Lakini desturi ya majina uliisikia."

"Niliisikia, ndiyo. Unataka kunifunga kwa hilo?"

"Nataka saa. Ulifanya nini, saa ngapi?"

"Saa nne na dakika arobaini nilizima swichi kuu. Dakika kumi na mbili, nikairudisha. Niliandika kwenye karatasi ya kazi, muulize Mkuu. Mlango wa ofisi ulikuwa umefungwa, nikajua hamna mtu."

Mzee aliiweka kalamu chini. "Umeme ulikatika jengo zima?"

"Jengo zima."

"Na kisanduku cha betri cha kompyuta?"

"Kimekufa miezi miwili," karani alidakia. "Niliandika ombi."

Kila kitu kikakaa mahali pake, na Mzee alitamani kisingekaa. Anayetaka kuharibu vipimo anavifuta dakika moja na kwenda zake. Haongezi nafasi ya mfumo. Huyu alitaka kukipanua chumba kilichojaa, na ili kukipanua ilibidi ausogeze ukuta wa chumba cha vipimo pamoja na vyote vilivyokuwemo. Ni kazi ya saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati hakisalii cha kuokota. Asingekuwa fundi umeme: hakuna mtu anayejikatia umeme kazini. Isitoshe, chumba kipya kilizaliwa saa saba na dakika ishirini, na yeye alitoka saa sita.

Saa tisa alasiri aliomba mpwa wake aitwe. Alikuja na aproni, plasta nyeupe hadi kwenye viwiko. Mkuu aliketi, barua iko mbele yake, kalamu juu ya barua.

"Funga mlango," Mzee alisema. "Jumamosi ulianza saa ngapi?"

"Kuanza nini, Mjomba?"

"Giga hamsini. Ulianza saa ngapi kuzitafuta?"

Yule mtu mzima wa miaka arobaini alitazama sakafu kama mwanafunzi.

"Saa tatu na nusu," alisema.

"Ni wewe?" Karani alisimama. "Asubuhi nzima ninaitwa mhalifu, na wewe unakoroga plasta?"

"Dada, nisamehe. Nilikuja nikusaidie. Nilisikia mashine imekukatalia, nikajua ni chumba cha mfumo. Programu huandika rasimu humo kabla ya kuhifadhi, na miaka minne kumejaa takataka. Nikasema Jumatatu ukiwasha, ukute kimepanuka. Umeme ukakatika. Nilijaribu kurudisha hadi saa saba, sikupata hata jina moja. Nikajenga chumba kipya ili angalau mashine iwake."

"Na asubuhi ulipoona ninaandika barua?" Mkuu aliuliza.

"Nilikuwa ninakuja kusema, Mkuu. Nilifika mlangoni. Nikasikia unampigia Mjomba."

"Sasa hapo tatizo ni nini?"

Mzee ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayesoma karatasi ya mtu mwingine.

"Siku nilipoifunga mashine hii alikuwa ameshapita darasa langu, na alisimama pale ulipo mlango. Akaniambia, 'Mjomba, ishirini si ndogo? Tuweke hamsini.' Nikamwambia mbele yenu wote kwamba aliyefeli hesabu za kugawanya asinifundishe kugawa diski. Mkacheka. Mkampa na jina, Hamsini."

"Nilicheka na mimi," Mkuu alikiri.

"Ishirini ilikuwa ndogo," Mzee alisema. "Niliijua ndani ya mwaka mmoja. Nilikuja kufagia takataka za mfumo mara mbili kimyakimya, nikaona kukosolewa na mpwa wangu ni kubaya kuliko kufagia. Ungenipigia Ijumaa, ningeitengeneza kwa nusu saa."

"Ungenitukana kwanza, Mjomba."

"Ndiyo. Ningekutukana kwanza."

Mkuu akaichana barua vipande vinne. Akatoka koridoni, akawaita watu wote, akamwomba karani radhi kwa sauti ileile aliyomshutumia asubuhi. Karani aliipokea bila kutabasamu. Kisha Mkuu akamgeukia mpwa.

"Kwa kuharibu nisingekufukuza. Kunyamaza mwenzako akisulubiwa, hilo siwezi kulimeza. Nenda nyumbani. Usije mpaka nikuite."

"Basi niadhibu na mimi," Mzee alisema. "Mwaka jana karani aliniuliza kama aendelee kunakili vipimo kwenye diski ya nje. Nilimwambia kuta zangu zinatosha, alale usingizi."

"Wewe si mwajiriwa wangu, Mzee. Nitakufukuza wapi?"

Mpwa alivua aproni, akaitundika, akanawa mikono kwa utaratibu hadi kwenye viwiko. Alipompita mjomba wake alisema "Kwaheri, Mjomba" kwa adabu yote, na adabu hiyo ilimuuma Mzee kuliko tusi.

Diski ya nje, iliyokuwa kabatini, ilikuwa na wagonjwa mia mbili na kumi na wawili. Waliobaki, tisini na wanne, ilibidi wapimwe upya. Namba zao za simu zilikuwa kwenye kadi za karatasi, na karani alizivuta kuanza kuwapigia.

"Niachie hizo," Mzee alisema. "Nitapiga mimi."

Kadi ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mwenye mguu mmoja uliokatwa juu ya goti. Mzee alijitambulisha, akaeleza kwamba vipimo vyake vimepotea, na kwamba kosa lilianzia kwake yeye aliyepanga mashine vibaya.

"Mambo ya mashine mimi siyajui, baba," mama huyo alisema. "Ninachouliza, nikija nitapimwa na yule fundi? Yule mwenye mikono mipole. Wengine wote waliniumiza."

Mzee alitazama aproni mlangoni. Ilikuwa bado inadondosha maji.

"Hayupo, mama."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Hayupo kwa sababu yangu."

"Basi mwambie namngoja," mama alisema, akakata simu.

Mzee aliandika kwenye kadi: *anangoja*. Akavuta kadi ya pili.