Diski Nyepesi za Mkurugenzi

"Shangazi amepungua uzito. Njoo umpime."

Ujumbe uliingia saa saba na dakika tano mchana. Mizani aliusoma mara moja, akaufuta, akawasha pikipiki yake ya Yamaha.

Hakuwa na shangazi aliyepungua. Maneno hayo yalitoka kwa Mama Stoo, mtunza stoo wa gereji ya idara ya ujasusi, na maana yake ilikuwa moja tu. Kuna kitu kibovu kwenye magari ya msafara.

Msafara wa siku hiyo ulikuwa wa magari matatu. Ndani yake alikuwemo shahidi aliyekuwa njiani kwenda mahakamani kutaja genge zima la magendo ya silaha. Gari la mbele liliendeshwa na mdogo wake Mizani, mtoto wa mwisho kwa mama yao. Asubuhi ile alimpigia dada yake simu kujisifu kwamba amefungiwa diski mpya za breki, zenye matundu, na gari limekuwa jepesi mpaka raha.

Mizani hakulipenda neno jepesi.

Mama Stoo alimngoja mlangoni na diski moja ya akiba kwenye gunia. Hakusalimia. Alimkabidhi tu, akamwambia kwamba ameshika diski miaka ishirini na sita na hajawahi kubeba moja kwa vidole viwili.

Mizani aliitundika kwenye mizani ya ndoano, ile ya wasafiri ya kupimia masanduku.

Kilo sita na nusu.

Ya zamani ilikuwa na kilo kumi na mbili.

Diski nyepesi si dhambi. Mizani alianza kazi kama fundi wa magari ya mashindano, kabla idara haijamfundisha kulenga shabaha, na alizijua nzuri. Mtengenezaji mwenye akili hupunguza uzito katikati, kwenye kofia ya alumini inayokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Duara la chuma linalobanwa na pedi za breki huliachia unene wake, maana ndilo linalobeba moto wote.

Alitoa kipimo cha dijitali, akabana duara. Milimita ishirini na mbili. Ilitakiwa thelathini na mbili.

Walikuwa wamekwangua chuma chenyewe. Kisha, ili mjinga afurahi, wakatoboa matundu sitini na kupaka katikati rangi ya dhahabu. Alama ya unene wa mwisho, ambayo kila diski ya maana hugongwa ubavuni, haikuwepo. Kati ya tundu na tundu ulionekana ufa mwembamba kama unywele, na diski haijawahi hata kufungwa garini.

Mtu yeyote angeona. Ila mtu yeyote hakuulizwa.

Alibonyeza kifaa cha sikioni. "Mkurugenzi. Simamisha msafara. Zile diski zitapasuka kwenye mteremko."

"Zile diski nilizichagua mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana nakupigia."

Mkurugenzi alikuwa amezichagua kwa picha, akasimama mbele ya kikao kizima kueleza jinsi matundu yanavyopoza breki, kama vile kazaliwa chini ya gari. Mama Stoo alipoinua mkono kuuliza kuhusu unene, aliambiwa akahesabu misumari yake.

"Sisimamishi msafara kwa sababu ya mizani ya sokoni," Mkurugenzi alisema. "Niletee aliyetuuzia, aseme kwa mdomo wake."

Saa saba na robo. Mteremko ulikuwa wa kilomita kumi na nne, kona juu ya kona, na msafara ungeuanza saa nane kasoro robo. Madereva walikuwa wameacha simu langoni. Redio zao zilifuata amri ya sauti moja tu, na sauti hiyo ilikuwa ya huyu bwana.

Mizani alitupa diski kwenye begi, akaondoka bila kuaga.

Duka la muuzaji lilikuwa ukingoni mwa mji, juu ya kilima. Kioo kitupu, marumaru, kochi la ngozi nyeupe. Ukutani zilitundikwa diski kama picha za harusi, na wanaume wawili waliovaa saa kubwa walizitazama wakitikisa vichwa. Mmoja alisema anazitaka nyekundu. Mizani alimwonea huruma kidogo, kisha akaacha.

Nje yalisimama magari mawili. Moja Mercedes nyeusi ya mwenye duka, jingine Subaru ya maonyesho iliyoandikwa ubavuni kwamba imefungwa diski nyepesi kuliko zote na hujaribiwa mteremkoni kila Jumamosi. Mizani aliinama akachungulia katikati ya rimu za magari yote mawili. Ilikuwa tabia yake tangu ufundi. Wengine hutazama viatu vya mtu.

Ndani ya rimu za Mercedes zilikaa diski za kiwandani. Nene, nzito, hazina hata tundu moja.

Kumbe mwuza sumu haonji anachouza.

Fundi wa duka alikuwa akifuta mikono kwa tambara karibu na Subaru, kando ya sanduku la spana lililobandikwa picha ya watoto wake. Macho yao yakakutana. Fundi akageuza uso.

Mwenye duka aliitwa Mshauri. Alikuja kutoka nje ya nchi mwaka uliopita, na hakuna aliyejua alimshauri nani. Alikuwa nyuma ya meza ya kioo, manukato yametangulia, tabasamu limefuata. Alimwuliza dada mrembo anatafuta nini, labda zawadi ya mume.

Mizani aliweka diski mezani. "Za msafara. Nani alikuagiza uzikwangue?"

Tabasamu halikuondoka, ila mkono uliteleza kwenye droo. Mizani aliiinua diski akaiangusha juu ya vidole vyake. Mshauri akapiga yowe.

Bahati yake, diski ilikuwa nyepesi.

Ndani ya droo mlikuwa na bastola ndogo ya Beretta, ya fedha, iliyonakshiwa maua. Hata bastola aliichagua kwa urembo. Mizani aliitia mfukoni, akatoa Glock yake isiyo na ua lolote, akamwelekeza mlangoni. Wale wateja wawili walikuwa wameshalala chini ya kochi.

"Ufunguo wa Subaru," alimwambia fundi. Fundi aliutoa haraka mno kwa mtu anayeibiwa.

Saa saba na dakika arobaini na nne.

Alimfunga Mshauri mkanda kiti cha abiria, akakiacha wazi kifaa cha sikioni ili Mkurugenzi asikie kila neno. Mbele ya duka barabara iliporomoka kilomita mbili nzima, na mwisho wake ulikuwa ukuta wa ghala la saruji.

Mizani aliondoka kwa kishindo. Gia ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Kona ya kwanza alikanyaga breki. Ikashika. Akaachia, gari likashika kasi tena. Kona ya pili akakanyaga tena, kwa nguvu zaidi.

Mshauri alianza kutokwa jasho. Alimwambia atumie gia. Alimwambia apunguze mwendo. Mizani alimjibu kwamba gari limefungwa bidhaa yake bora, awe na amani.

Mia moja na kumi. Ukuta ulionekana.

"Usikanyage tena, nakuomba! Zimeshapata moto!"

"Zikipata moto zinafanyaje?"

"Zinapasuka!"

"Zipi?"

"Hizi! Na zile za msafara, zote! Walitaka ionekane ni ajali. Waliniambia mteremkoni, kona ya nne au ya tano. Mama yangu, simamisha gari!"

Kifaa kilikwaruza sikioni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mkurugenzi alizungumza kama mtu mwenye kazi.

"Msafara, simameni. Punguzeni mwendo kwa gia, egesheni pembeni. Nani wa mbele?"

Kimya.

Mizani aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa. Alimwona mdogo wake akiwa na miaka sita, juu ya baiskeli isiyo na breki, akicheka.

"Namba moja nimesimama," ilisema sauti ya mdogo wake. "Tumepita kona ya kwanza tu. Kuna harufu ya kuungua hapa."

Hapo ndipo Mizani alipokanyaga breki mpaka chini. Subaru ilisimama hatua kumi kutoka ukutani, imenyooka, bila hata kuyumba.

Mshauri alifumbua jicho moja. "Zimeshika."

"Shuka utazame."

Alishuka, akapiga magoti kwenye vumbi la saruji, akachungulia ndani ya rimu. Diski za kiwandani. Nzito, na kutu kidogo ukingoni.

"Fundi aliniambia amezifunga."

"Fundi ndiye anayelijaribu gari hili kila Jumamosi kwenye mteremko huu," Mizani alisema. "Ana watoto. Wewe unauza diski, na hujui hata kutazama gurudumu."

Gari la idara lilikuwa linateremka kuja kumchukua Mshauri. Sikioni Mkurugenzi alikohoa, akaanza kusema kwamba kwa kweli, tangu mwanzo, na yeye alikuwa na mashaka yake kidogo.

"Mkurugenzi."

"Ndiyo."

"Safari nyingine mwulize Mama Stoo."

Alichomoa kifaa sikioni, akakitia mfukoni pamoja na Beretta ya maua. Kisha akaanza kupanda kilima kwa miguu, taratibu, kuifuata pikipiki yake.