Uzi wa Shavu la Kulia

Mambo yalianza Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa Aban wa kalenda ya Kiirani, saa nane na dakika ishirini mchana, wakati mji wa Yazd umelala baada ya chakula. Ozra alikuwa akisuuza bakuli jikoni aliposikia sauti ya uzi kutoka chumbani kwa mama yake: trrr, kimya, trrr. Hakuna sauti aliyoijua zaidi ya hiyo. Mama yake, Bi Turan, alikuwa ametinda nyuso za wanawake wa mtaa ule kwa miaka arobaini na sita, aking'oa vinyweleo kwa uzi wa pamba uliosokotwa, ncha moja menoni, nyingine vidoleni. Lakini siku hiyo hapakuwa na mgeni.

Alisogea mlangoni. Bi Turan alikuwa amekaa zuliani, uzi menoni, akitinda hewa. Mkono ulisimama, ukageuza kidevu ambacho hakikuwepo, ukaendelea.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza. Utamshtua. Bibi harusi akishtuka, uzi unamkata."

Ozra angecheka, ila juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa chini palikuwa na vinyweleo. Alipiga magoti akavihesabu, na alipofika thelathini akaacha. Vilikuwa vyembamba, vya rangi ya asali, vya msichana ambaye uso wake haujawahi kuguswa. Nywele za mama yake zilikuwa nyeupe. Zake mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, zilikuwa na mvi.

Alijua kosa lilikuwa lake.

Kwa miaka miwili Bi Turan alikuwa akipoteza kumbukumbu, kuanzia za karibuni kurudi nyuma. Alisahau siku za juma, kisha kifo cha mumewe, mwisho akasahau uso wa Ozra. Kichwani alibaki na binti mmoja tu, wa miaka ishirini na tatu, katika siku moja tu. Kwao zamani msichana hakupitishiwa uzi usoni mpaka karibu na harusi. Siku hiyo wanawake waliimba, wakafukiza mbegu za espandi za kufukuza husuda, na uso ukatoka uking'aa, uso wa mwanamke. Bi Turan alimtinda mwanawe kwa mikono yake. Kwamba binti huyo aliachika, akarudi nyumbani, akafungua saluni chumba cha mbele, hayo yote yalifutika. Kila asubuhi alimuuliza Ozra, kwa adabu: "Bibie, hujamwona binti yangu?"

Ndiyo maana Alhamisi, tarehe mbili, Ozra alikwenda kliniki. Daktari, mwanamke kijana, hakumficha kitu. Nyuzi kumi zinazoyeyuka zenyewe zingepitishwa chini ya ngozi kwa sindano na kuyavuta mashavu juu. Hakuna kisu, hakuna kulazwa, na uso ungekaa hivyo mwaka mmoja, pengine zaidi kidogo. Ila zingeweza kuacha vishimo, au upande mmoja ukapanda kuliko mwingine, au ncha ikachungulia nje na kutunga usaha.

"Na mwezi mzima usisugue uso, usilale kiubavu, usitindwe kwa uzi. Tumeelewana?"

Ozra aliandika yote kwenye daftari, akapigia mstari hilo la mwisho.

"Sisi uzi tunaupitisha juu ya ngozi," alisema Shokufeh, mwenzake wa saluni. "Uzi mpya kwa kila mteja, mtu anaondoka na wekundu wa saa mbili, pengine na vipele viwili vitatu, basi. Wewe unakwenda kuuzika ndani! Unatafuta mume?"

"Namtafuta mama yangu."

Jumapili uvimbe wa sindano ulikuwa umeshuka na mashavu yalikuwa juu. Bi Turan aliinua macho kutoka kwenye bilauri ya chai.

"Ozra," alisema. "Ulikuwa wapi, nikufie?"

Zilikuwa siku saba. Alizihesabu baadaye, mara nyingi. Siku saba aliitwa kwa jina lake, akalishwa kwa mkono tonge la ukoko wa wali, akafokewa kwa kutembea bila soksi. Jumapili ya pili mama yake alimshika kidevu akamgeuzia dirishani.

"Uso umeota vinyweleo, na wageni ni kesho. Lala hapa."

Ozra aliukumbuka mstari wa daftarini. Akalaza kichwa mapajani.

Vidole vya Bi Turan vilikuwa vimesahau kila kitu isipokuwa kazi. Chini ya mfupa wa shavu la kulia vilihisi kitu kigumu kikichungulia, kama unywele mmoja mkaidi, vikakinasa, vikavuta. Uzi ulitoka na damu, mrefu kama kidole, na shavu likashuka. Ozra alipiga yowe. Mama yake alimtazama upande ule na upande huu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Umemvaa mwanangu," alinong'ona. "Mwenyewe umemweka wapi?"

Uzi ule wenye damu aliuzungusha kidoleni na hakukubali kuuvua. Siku mbili baadaye, Jumanne, ndipo alipoanza kutinda hewa.

Jumatano Shokufeh alimtazama Ozra usoni, akashindwa kujizuia. "Upande mmoja umekwenda harusini, mwingine umebaki msibani." Lakini alipopita mbele ya chumba cha Bi Turan, utani ulimwisha. "Pananuka pamba iliyoungua," alisema kwa sauti ya chini. "Na maji ya hamamu. Ozra, mama yako anaongea na nani?"

"Na mimi," Ozra alijibu.

Alhamisi, saa nane na dakika ishirini, alimwona. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha vidole viwili, na kupitia upenyo huo aliona msichana amelaza kichwa mapajani mwa mama yake, nywele zimemwagika zuliani, mashavu yale ya Ozra kwenye picha ya harusi yake, midomo ile, kovu lile dogo la kidevuni, na macho yaliyotazama juu kwenye tundu la dari la mnara wa upepo unaoshusha hewa ndani ya nyumba, bila kupepesa hata mara moja. Na kila uzi ulipopita, ngozi ya uso ule iliinuka pamoja nao, ikavutika kama unga uliokandwa, ikarefuka mpaka ikamfika Bi Turan midomoni, kisha ikarudi mahali pake taratibu, bila damu, bila sauti, huku mama yake akicheka kicheko ambacho Ozra hakuwa amekisikia tangu utotoni.

"Mama," msichana alisema kwa sauti ya Ozra mwenyewe, "nani yuko mlangoni?"

Bi Turan aligeuka, akamtazama Ozra machoni.

"Hakuna mtu, roho yangu. Tulia."

Ozra angemwachia furaha hiyo. Alikaa jikoni akaliwaza jambo hilo kwa uaminifu. Lakini jioni, alipompelekea mama yake chakula, Bi Turan alifumba kinywa. "Nimekula na Ozra," alisema, kama alivyosema Jumanne na Jumatano. Vidole vilikuwa vimekatwa na uzi mpaka nyama ikaonekana. Nyusi hazikuwepo tena. Yule msichana naye alikuwa akimtinda. Ngozi ya uso ilikuwa imebaki nyembamba kama ya kitunguu, na midomo imekauka, na maji hayakushuka.

Shokufeh alimleta Bi Marzieh, bikizee aliyewasugua wanawake hamamuni maisha yake yote na kujua tabia za wale ambao watu hawawataji kwa jina, ila husema tu walio bora kuliko sisi. Aliusikiliza mlango, akanusa, akamvuta Ozra pembeni.

"Huyo aliye humo umempa uzi uliokaa ndani ya mwili wako. Ameshona uso nao. Hatoki mpaka mama yako awe hana cha kutindwa."

"Anaweza kuondolewa?"

"Anaweza. Chuma hawakiwezi. Lakini nisikilize, binti yangu. Sisi tutafukuza jini. Mama yako ataona anafukuziwa mtoto. Na mtoto akishatoka kwenye mlango huo, mama yako hatamwita mwingine kwa jina hilo. Wewe kichwani mwake hutakuwemo tena."

Ozra alitazama sahani ambayo haikuguswa. "Atakula?"

"Atakula."

Ijumaa, saa nane na dakika ishirini, waliingia. Bi Marzieh alisimama kwenye moshi wa espandi akisoma, naye Ozra akapiga magoti na sindano ya chuma mkononi, kwa sababu aliyetoa uso ndiye aliyepaswa kuuchukua tena. Msichana hakukimbia. Alimkumbatia Bi Turan shingoni.

"Mama, wananitoa! Mama, usiniache!"

"Bibie!" Bi Turan alimshika Ozra mkono, akaubusu, akaubusu tena. "Bibie, una moyo. Kesho ni harusi yake. Nichukue mimi. Mwachie mwanangu, yeye hajakosa kitu!"

Ozra aliichoma sindano kwenye pindo la nguo ya yule msichana, kisha akaufungua uzi kidoleni mwa mama yake, taratibu, huku kucha za mama yake zikimparua shavu lile lile la kulia, na sauti yake mwenyewe ikimlilia mama yake masikioni, na uso wake mwenyewe wa ujana ukifumuka mbele ya macho yake kuanzia kidevuni kwenda juu, kovu, midomo, mashavu, mpaka yakabaki macho tu hewani yakimtazama bila kupepesa. Kisha kitu kikapanda ndani ya mnara wa upepo kwa mlio mrefu, trrr, na chumba kikanuka vumbi la kawaida.

Bi Marzieh aliuchoma uzi. Bi Turan alilia mpaka adhana ya magharibi, akiita jina moja. Ozra hakuitika. Angeitika, ingekuwa dhihaka.

Kesho yake, Jumamosi, saa moja asubuhi, Ozra alibandika plasta shavuni, akavaa koti jeupe la saluni ambalo hakuwahi kulivaa mbele ya mama yake, akachukua bakuli la supu nzito ya dengu, na kupiga hodi chumbani kama mgeni.

"Karibu," Bi Turan alisema. Macho yalikuwa yamevimba. "Wewe nani?"

"Naitwa Parvaneh. Nimekuja kukaa na wewe, kama utanikubali."

Bi Turan alimchunguza, plasta, koti, mikono.

"Una mama?"

"Ninaye."

"Anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Mjulishe. Mtu hajui mwanawe yuko wapi, chakula kitamshukaje?"

"Nitamjulisha leo leo," Ozra alisema. Alikaa zuliani, akapuliza kijiko, akakisogeza. "Wewe kula kwanza."

Bi Turan akafungua kinywa.