Kisanduku Juu ya Jina la Mwanangu

Tik. Kimya. Tik tena.

Ilikuwa saa nane usiku, ndiyo kwanza nimemlaza Kibonge, anaota meno, usiku wa nne huo hatujaonja usingizi. Sauti ilitoka sebuleni, nikaijua, ni kipanya cha kompyuta. Nikasema moyoni, huyu baba Kibonge kazi itamuua. Nikageuka, nikamkuta pembeni yangu anakoroma.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta. Mashine iliyokuwa sebuleni ilikuwa ya mochwari ya hospitali, kuukuu, ina programu ya rejista ambayo aliyeitengeneza hajulikani aliko. Walilalamika kwamba ukiweka kishale juu ya neno, kile kisanduku kidogo cha maelezo kinatokea cheusi na maandishi yake meusi, husomi kitu. "Kazi ya kitoto," alisema. Ikamla siku tatu. Akaweka mwonekano mpya wa madirisha ya skrini, akarudisha wa zamani, rangi haishiki. Mwisho akagundua kuna mtu aliuandika weusi ule ndani ya programu yenyewe, kwa makusudi. Akauondoa. Kisanduku kikawa cha manjano, safi, kinasomeka.

Sasa kukijaribu kunataka jina. Mafundi huandika "aaa" au "jaribio", si ndiyo, kaka? Yeye, macho mekundu, mtoto analia mapajani, akaandika jina la Kibonge. Kamili, mpaka la babu yake. Kwenye rejista ya maiti. Akasahau kulifuta, akaja kulala.

Nikaenda sebuleni. Kiti kitupu, skrini inawaka, na harufu ya pamba mbichi na dawa ya hospitali. Kipanya kimetulia mezani, lakini kishale kilikuwa kinashuka chenyewe, jina kwa jina, polepole kama kidole cha mtu asiyejua kusoma vizuri. Kikasimama juu ya jina la mwanangu. Kisanduku kikafunguka.

BADO.

"Amka," nikamnong'oneza. "Baba Kibonge, amka."

"Mama Kibonge, niache, nimechoka."

"Umemwandika mtoto kwa wafu."

Akakaa kitako. "Si jaribio tu lile?"

"Na huko nani kawaambia ni jaribio?"

Akalifuta jina, likarudi, akalifuta tena, likarudi, na mara ya tatu kisanduku kikajifungua kabla hajashika kipanya, kimeandika ALFAJIRI, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Kibonge, ambaye usiku nne alikuwa hanyamazi hata dakika kumi, yuko kimya, nikakimbia chumbani nikamgusa na alikuwa wa baridi kama sakafu, anapumua kidogo, kidogo sana, nikambeba kifuani nikarudi mbio, na mume wangu alikuwa amepiga magoti anapapasa chini ya mashine atafute waya aung'oe, akatoka na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi, kina namba ya simu na maneno matatu: Ukiona manjano, piga.

Nikapiga. Mlio mmoja tu, ikapokelewa. Sauti ya mwanamke mzee.

"Shikamoo mama, samahani kwa usiku huu, sisi..."

"Marahaba. Mmekisoma?"

"Tumekisoma."

Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyechoka kitambo. "Nilikuwa karani pale miaka ishirini. Weusi ule niliuweka mimi, baada ya kumzika mjukuu wangu. Mlidhani ni ubovu? Jini lililomo mle ndani halifukuziki, mwanangu. Linaandika tu. Bila msomaji, neno lake halina nguvu. Rudisheni weusi kabla hakujakucha."

"Na jina la mtoto?"

"Hilo halitoki. Lifunikeni tu."

Mume wangu akauandika upya weusi ule ndani ya programu. Dirishani kulikuwa kunaanza kupauka kisanduku kilipogeuka cheusi, na Kibonge akakohoa, akalia kwa nguvu zake zote. Sijawahi kukipenda kilio namna ile.

Asubuhi aliirudisha mashine, akawaambia imemshinda. Walimcheka, fundi mzima kushindwa na rangi!

Lakini kabla hajaizima na kuifunga kwenye boksi nilichungulia. Kisanduku kilikuwa juu ya jina la mwanangu, cheusi tii. Kile cha BADO kilikuwa na upana wa neno moja. Hiki kilijaa skrini, mstari chini ya mstari, na kilikuwa bado kinarefuka.

Tumesikia hospitali imekuita wewe uitengeneze. Ndiyo maana nakuandikia, kaka, ingawa hatujuani na yule bibi alitukataza kusema, maana anayeambiwa hutamani kuona. Nakuomba kama mama. Waambie imekushinda na wewe. Wakikucheka, cheka nao. Usiiguse ile rangi. Kibonge ameanza kusimama juzi, anashikilia kiti.

Nami naapa, baada yako wewe, simwambii mtu mwingine.