Ada ya Kuchungulia

Kisa hiki ni cha kweli mwanzo hadi mwisho. Naapa kwa magoti yangu yote mawili, hata hili linalouma. Anayetaka kubisha na abishane na magoti.

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua viatu, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili alipitia chumba cha shangazi yake kumtungia uzi kwenye sindano. Shangazi alikuwa fundi cherehani na macho yake yalikuwa yanafifia. Zamani aliweza kutunga uzi ndani ya basi linaloruka mashimo, huku akigombana na kondakta. Sasa alikuwa amemshonea mteja shati la mikono mitatu, na mteja akalivaa hadi kazini.

"Huo si mkono, ni mfuko mrefu," shangazi alimwambia alipolirudisha.

Msichana aliitwa Bingwa, kwa kuwa katika hesabu hakuna aliyewahi kumshinda darasani. Na yeye alilijua hilo. Alitembea kama mtu aliyebeba kombe kichwani.

Daktari alisema macho ya shangazi yanaweza kuokolewa, ila katika hospitali iliyoko nchi ya mbali: jicho la kulia kwanza, la kushoto baada ya wiki moja, kila jicho likilipiwa siku yake. Shangazi alikuwa ameweka akiba miaka minne kwa kushona sare za shule. Akamwita Bingwa.

"Mjini kuna benki tatu," alisema. "Kila moja ina kadi ya kusafiria. Zote zinakata, ila hazikati sawa. Chukua baiskeli yako, nenda zote tatu, uulize maswali manne. Uandike wanavyokujibu, siyo unavyofikiri wewe."

Bingwa akaandika. Kadi inakatwa kiasi gani kwa mwaka? Nikitoa pesa kwenye mashine ugenini, wanakata ngapi? Wakibadilisha pesa yetu kuwa ya kule, wanachukua asilimia ngapi? Na nikitazama salio tu, bila kutoa kitu, wanakata?

"Hilo la mwisho la nini, shangazi? Nani anamkata mtu kwa kutazama?"

"Pesa yangu napenda kuiona. Wewe uliza."

Katika benki ya kwanza Bingwa alipewa namba themanini na saba. Ukutani ilikuwa inaitwa thelathini na moja. Saa tisa wenzake walikuwa na mazoezi ya kuruka kamba, na bila yeye timu isingekamilika. Akatazama bango kubwa mlangoni: kadi ya buluu yenye picha ya ndege inayopaa. Kadi yenye ndege, akajiambia, lazima ni ya wasafiri.

Akatoka, akaketi kwenye benchi la nje, akaijaza karatasi yote. Kadi ya ndege akaipa sifuri nne. Benki ya pili akaiandikia makato mabaya. Ya tatu, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la viatu, hata ngazi zake hakuzipanda, akaiandikia mabaya zaidi, tena asilimia yenye nukta ili ionekane ya kweli. Saa tisa kamili alikuwa anaruka kamba.

"Una kichwa, mwanangu," shangazi alisema aliposomewa.

"Kawaida tu, shangazi."

Shangazi akasafiri na kadi yenye ndege. Wa kumshika mkono alikuwa dada yake Bingwa, msichana wa miaka ishirini aliyeomba likizo kiwandani bila malipo. Hata namba ya siri ya kadi aliijua, maana ndiye aliyekuwa akibonyeza.

Jicho la kulia likapasuliwa vizuri. Balaa likaanzia pale shangazi alipoanza kuona kidogo.

Kwenye korido ya hospitali kulikuwa na mashine ya pesa. Asubuhi alikwenda kutazama salio lake, na jioni pia. Siku ya tatu akagundua pesa imepungua, na hajatoa hata shilingi. Akatazama tena ahakikishe. Imepungua zaidi. Akalala na kadi ndani ya soksi. Alipoamka akaenda kutazama: imepungua.

Walioijua namba walikuwa wawili tu.

Simu ililia wakati wa chakula. Baba, ambaye ni fundi wa majokofu, aliiweka mezani ili wote wasikie.

"Kaka, umenipa mwizi anishike mkono," alisema shangazi.

"Shangazi, sijagusa," sauti ya dada ililia kwa nyuma.

"Hujagusa? Basi pesa imevaa viatu ikaenda sokoni yenyewe? Leo nimetazama mara sita, na mara zote sita imepungua. Kaka, jicho la kushoto ni keshokutwa na sasa hela haitoshi. Wa kwenye malipo ananiambia, bibi, pungufu ni pungufu, rudi baada ya miezi minane. Daktari anasema hilo jicho miezi minane halifiki. Huyu binti yako ahame chumba changu leo hii. Akalale anakojua."

Baba akasema, "Kama ameiba, mwambie hata huku asirudi."

Bingwa alikuwa na kijiko mdomoni. Hakukitoa. Swali la nne lilikuwa limemsimama kooni, naye akalimeza pamoja na chakula. Dada yake akaitwa mwizi mara tatu zaidi kabla simu haijakatika.

Kesho yake asubuhi alimfuata baba benki kuuliza pesa imekwenda wapi. Karani, mwanamke mwenye miwani ya kamba, akachapa taarifa ya akaunti na kuisoma.

"Kutazama salio, ugenini. Kutazama salio, ugenini. Kutazama salio." Akageuza ukurasa. "Mara ishirini na moja. Mzee, hapa hakuna mwizi. Mwenye kadi anachungulia sana, na kila akichungulia kuna ada. Juu yake kuna asilimia ya kubadilisha ile pesa aliyolipia jicho la kwanza."

"Lakini mlimwambia binti yangu hamkati kitu," baba alisema, sauti ikipanda hadi foleni nzima ikageuka. "Mlimdanganya mtoto. Nitakufikisha kwa meneja wako sasa hivi."

Karani akavua miwani. Bingwa aliona njia imefunguka mbele yake, pana na laini: kunyamaza tu, na mwingine abebe lawama.

"Baba," alisema. "Sikuuliza."

"Hukuuliza nini?"

"Chochote. Benki zote tatu. Nilijaza mwenyewe."

Baba hakumpiga. Alifanya kitu kibaya zaidi: alipiga simu, akaiweka kwenye kaunta kwa sauti ya juu, akasema, "Mweleze shangazi yako. Kwa ukamilifu, Bingwa wa hesabu."

Bingwa akaeleza, watu wakisikiliza. Alipomaliza ikasikika sauti ya dada, ndogo, iliyokauka.

"Nimelala koridoni, mdogo wangu. Juu ya sakafu."

Karani alivaa miwani yake na kufanya kazi. Alipanga pesa iliyobaki iende moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, kwa ada moja, na akamsihi shangazi asiisogelee tena ile mashine. Kilichopelea, baba alikijaza siku hiyohiyo kwa kuiuza baiskeli ya Bingwa. Aliyenunuliwa baiskeli hiyo na mama yake alikuwa mwenzake wa kuruka kamba, ambaye tangu hapo alipita nayo mlangoni asubuhi na jioni, akipiga kengele bila sababu. Shuleni jina la Bingwa likafa. Walimwita "Ada."

"Ada, usinitazame," walimwambia. "Utanikata."

Shangazi alirudi na macho mawili. Alipoingia sebuleni hakuketi. Alisimama mbele ya dada, sote tukitazama.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," alisema. "Nakuomba radhi mbele ya watu."

"Nimesikia, shangazi," dada alijibu. Hakusema amesamehe.

Ndipo shangazi akamgeukia Bingwa, akamkagua kama nguo iliyoshonwa vibaya.

"Ungerudi ukaniambia, shangazi, foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza, ningekutukana dakika tano. Tungekula, na kesho yake ungeenda. Neno sijui nalo ni jibu, mwanangu. Ulipoandika usichokijua, wewe uliruka kamba na mwenzio akalala sakafuni. Ukitumwa kuuliza, uliza. Ukishindwa, sema umeshindwa."

Siku hiyo Bingwa alikwenda mwenyewe kwenye benki ya juu ya duka la viatu. Kadi yao ya kijivu, isiyo na picha yoyote, ilikuwa haikati kutazama wala kubadilisha. Aliyaandika majibu neno kwa neno.

Hapo nilikwisha kuweka kalamu chini. Kosa langu ni kumpa Bingwa asome, akague kama mahesabu yako sawa.

"Babu, hapa pana uongo," alisema.

"Wapi? Kwenye mikono mitatu?"

"Kwenye benchi. Mbona umeniketisha peke yangu?"

Nikaanza kutafuta miwani yangu, ambayo nilikuwa nimeivaa.

"Ulikuwa umekaa pale ukisubiri pensheni," akaendelea. "Ndiwe uliyeniambia kadi ni kadi tu, jaza, uwahi kamba. Hata ile nukta ni yako. Ulisema watu wanaamini nukta."

Kule ndani cherehani ikanyamaza. Shangazi akatokea mlangoni.

"Mzee," alisema, kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "mtoto alinyang'anywa baiskeli. Wewe mtu mzima ulinyang'anywa nini?"

Nilisema kumbukumbu za uzee hazitabiriki. Hakuna aliyecheka. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, na sikuweza kumtazama usoni.

Ikabidi niende kuinunua tena ile baiskeli. Mama wa yule aliyekuwa nayo alitaka bei mara mbili, kwa kuwa mwanawe amekwisha kuizoea. Nikaomba nipunguziwe, nikakohoa, nikaonyesha goti. Shangazi aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Mlipe." Nikalipa pensheni ya miezi miwili. Bingwa akaniandikia risiti, akaweka jina langu na sababu ya malipo, bila kufupisha.