Labeka ya Waterval Boven

Haya yalimfika rafiki yangu Zuhura, fundi cherehani wa mtaa wa Bellevue, Joburg, na Zuhura si mtu wa porojo.

Jumamosi moja asubuhi alitoka Joburg kupeleka gauni la harusi Waterval Boven, mji mkongwe wa milimani ambako zamani gari moshi lilipanda mlima kwa reli ya meno. Bibi harusi alikuwa bado saluni, basi Zuhura akaenda kutazama maporomoko ya maji. Njia ilipita ndani ya handaki la treni lililoachwa miaka mingi.

Mchana kweupe, giza likammeza. Maji yalidondoka tone moja moja, na kila hatua yake ilirudi kama ya mtu mwingine. Ili kujitoa hofu, akatoa simu na kuanza kumrekodia mdogo wake ujumbe wa sauti. Kwao Tanga mtu haitwi kwa jina gizani. Alilijua hilo, ila ulimi ulimponyoka.

"Mwanaasha. We Mwanaasha."

"Labeka," sauti ikaitika karibu na bega lake.

Hakugeuka. Alitembea mpaka akalifikia jua; ujumbe ulikuwa umeshaenda.

Jioni, baada ya kukabidhi gauni na kurudi Joburg, alimkuta Mwanaasha chumbani kwao, amekaa kitandani, simu mapajani.

"Eish, dada, ule ujumbe nimeusikiliza. Mbona na sauti yangu imo?"

Zuhura alimtazama usoni, kisha akamwita taratibu, kama anayempima.

"Mwanaasha."

Midomo ya mdogo wake haikufunguka.

"Labeka," sauti ikaitika kutoka jikoni, ambako maji yalikuwa yakidondoka tone moja moja.