Kufuli Lililomshinda Fundi Komeo

Mtaani walimwita Komeo. Alikuwa fundi wa vitasa na makufuli, na karakana yake ilikuwa kwenye kona, mlango kwa mlango na fundi simu. Mtu akipoteza ufunguo alikwenda kwa Komeo. Mlango ukigoma, aliitwa Komeo. Alikuwa na tabia ya kujisifu kidogo. Tuseme ukweli, alijisifu sana.

"Kufuli la kunishinda mimi bado halijatengenezwa," alipenda kusema.

Mkewe alikaa kwenye meza ya mbele. Yeye ndiye aliyepokea wateja na kuingiza kazi zote kwenye kompyuta. Kila ufunguo uliochongwa aliuandika: jina la mteja, mahali anapokaa, aina ya kitasa na vipimo vya meno ya ufunguo. Mteja akirudi amepoteza ufunguo, Komeo alisoma vipimo kwenye kioo cha kompyuta, akaenda kwenye mashine, akachonga mwingine. Kazi ilikwenda haraka na watu waliipenda.

Asubuhi moja alikuja mkunga mstaafu. Bibi huyu aliishi peke yake. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na Komeo mwenyewe alipita mikononi mwake. Alikuja kuchongesha ufunguo wa akiba.

"Mwanangu, niambie kweli," alisema. "Hubaki na ufunguo wangu?"

"Mama, funguo za watu sikai nazo. Nachonga, natoa, basi."

Mkunga akatia funguo zake mkobani, akaondoka ametulia.

Hakuwa amefika mbali mke wa Komeo alipoita. "Baba watoto, njoo uone. Hii mashine imeanza tena."

Kwenye kioo kulikuwa na tangazo. Lilisema kwamba mfumo unaoendesha kompyuta hiyo umezeeka. Hivi karibuni hautapokea tena masahihisho ya usalama. Anayetaka kuendelea kulindwa aweke mfumo mpya. Mke alibonyeza ili auweke. Kompyuta ikajibu: haikidhi masharti, chipu ya usalama haikupatikana.

"Inafanya kazi au haifanyi?" Komeo aliuliza.

"Inafanya."

"Basi iache."

"Siiachi. Wiki nzima inalalamika, na anayelalamikiwa ni mimi."

Ili apate amani, Komeo alimwita fundi simu. Jirani huyo alikuja na flashi mkononi.

"Hilo dogo," alisema. "Humu kuna programu inayoruka ule ukaguzi. Kompyuta inadanganywa kwamba masharti yametimia. Mfumo mpya unaingia, mchezo umekwisha."

Komeo aliipenda habari hiyo. Ilifanana na kazi yake. Mlango ukigoma mbele, unaupitia pembeni.

"Chomeka," alisema.

Mkewe akaweka kiganja kwenye tundu la flashi. "Subirini. Mdogo wangu anapita jioni. Hizi ndizo kazi zake."

"Kwani hapa mimi ni fundi au ni pambo?"

"Wewe ni fundi wa milango," mkewe alijibu. Fundi simu akaona mambo ya nyumbani yameanza, akaiacha flashi mezani, akajiondokea.

Jioni shemeji alifika akitoka kazini. Alikuwa mtunzaji wa kompyuta katika hospitali. Hata kiti hakukikalia kabla ya kuchokoza.

"Shemeji, nasikia umeshindwa na kufuli."

"Nimeshindwa na dada yako. Kufuli nilikuwa nalifungua."

Shemeji akaitazama flashi. "Hii programu imetoka wapi?"

"Fundi simu aliipata mtandaoni. Nani aliyeiweka, hajui."

"Sasa nikuulize. Mtu usiyemjua akikupa kitasa, akakwambia ukifunge kwa mteja bila kukikagua, utakifunga?"

"Hata siku moja."

"Basi na hii usiifunge."

Komeo hakuwa mtu wa kukubali upesi. "Lakini haya masharti si njama tu ya kutuuzia kompyuta mpya?"

"Kwa wengine inauma, sikatai. Kuna kompyuta nzima kabisa ambazo mfumo mpya unazikataa kwa sababu ubongo wake ni wa zamani. Wenyewe inabidi watafute nyingine, au waweke mfumo wa aina nyingine unaotunzwa bado. Lakini yako hatujaikagua. Tusilie kabla ya msiba."

"Na hiyo chipu ni kitu gani?"

"Ni kipande kidogo ndani ya kompyuta, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kinatunza funguo za siri. Si funguo za chuma, ni tarakimu. Ukiwasha kompyuta, vile vitu vinavyoiamsha vinapimwa kwanza. Kama mtu amevichezea, chipu inakataa kutoa ufunguo. Diski iliyofungwa kwa ufunguo huo haisomeki, hata ukiichomoa ukaipeleka kwenye kompyuta nyingine."

"Na programu ya fundi simu haileti chipu?"

"Inaruka ukaguzi tu. Umefunga kitasa kipya kwenye fremu iliyooza. Na hakuna anayekuhakikishia kwamba masahihisho yataendelea kuja."

Milango ya namna hiyo Komeo aliijua. Kitasa kinang'aa, lakini teke moja tu linautoa mlango wote.

"Humu mnaweka nini?" shemeji aliuliza.

Dada yake akamfungulia orodha ya wateja. Shemeji aliisoma taratibu, kidole kwenye kioo.

"Hizi namba ni za nini?"

"Vipimo vya meno ya ufunguo," Komeo alisema.

"Mtu akizipata anaweza kuchonga ufunguo?"

"Akiwa na mashine, anaweza."

"Na hapa pembeni ni mahali mteja anapokaa?"

"Ndiyo."

"Nenosiri la kompyuta ni lipi?"

Mke alimtazama mumewe. Mume alitazama sakafu. "Moja, mbili, tatu, nne," alisema.

Shemeji, mtu wa utani kila saa, safari hii hakucheka. Hapo ndipo Komeo alipoumia. Alimkumbuka mkunga. Alikuwa amemwambia kwamba funguo za watu hakai nazo, na aliamini anasema kweli. Kumbe alikuwa nazo za mtaa mzima. Alikuwa amezihifadhi ndani ya sanduku ambalo mtu yeyote angelifungua kwa kubahatisha. Aliona aibu kubwa.

"Shemeji," alisema, "nifanyie hii kazi kama unavyoifanya hospitalini."

Shemeji akavua koti. Kwanza alinakili kila kitu kwenye diski ya pembeni. "Mambo yakienda kombo, tuwe na pa kurudia," alimweleza dada yake. Kisha akazima kompyuta, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe kimoja. Ukatokea ukurasa wa mipangilio ambao Komeo hakuwahi kuuona.

"Hapa ni chini ya mfumo wenyewe," alisema shemeji. "Usipaguse kwa kubahatisha. Ukibadilisha usichokijua, kompyuta inaweza isiwake." Alishuka mstari kwa mstari, akasimama. "Haya, njoo uone. Chipu unayo. Imezimwa tu."

"Tangu lini?"

"Pengine tangu ulipoinunua. Ilikuwa imetumika, siyo?"

Komeo alitikisa kichwa kukubali. Miaka yote hiyo mlinzi alikuwamo ndani, na hakuna aliyemwamsha.

Shemeji aliiwasha chipu. Akawasha pia ulinzi mwingine, unaoizuia kompyuta kuamshwa na programu isiyotambulika. Walipokagua tena, masharti yote yalikuwa yametimia. Mfumo mpya ulipakuliwa kutoka kwa watengenezaji wenyewe, na ulipokwisha kuingia, shemeji aliifunga diski ya kompyuta kwa ufunguo wa chipu. Akaifunga na ile ya nakala. Nenosiri jipya likawa refu, la maneno ambayo mume na mke walichagua wenyewe.

Mwishoni kompyuta ilitoa mstari mrefu wa tarakimu.

"Huu ni ufunguo wa dharura," shemeji alisema. "Kompyuta ikifanyiwa matengenezo makubwa, inaweza kuuomba. Ukiupoteza, hata mimi siwezi kukusaidia. Uandikeni, na msiuweke hapa karakanani."

"Ningeuweka hapa," Komeo alisema, "ningekuwa kama wale wanaoficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni." Tarakimu zile na diski ya nakala vilikwenda nyumbani siku hiyohiyo.

Kesho yake Komeo alikwenda kwa mkunga. Hakupiga chenga. "Mama, nilikwambia sibaki na ufunguo wako. Vipimo vyake ninavyo kwenye kompyuta. Sasa vimefungwa vizuri, lakini ukitaka nitavifuta."

Mkunga alifikiri. "Viache. Mimi funguo napoteza kila mara. Ila uvitunze." Komeo akawauliza na wateja wengine. Waliokataa, aliwafutia.

Miezi ikapita. Ndipo wezi wakaingia karakanani. Mlango wa Komeo hawakuuweza, kwa hiyo walipasua bati la paa. Waliondoka na kompyuta.

Habari ilienea mtaani kabla ya chai. Mkunga alikuwa wa kwanza kufika. Alimkuta mke wa Komeo akiendelea na kazi kwenye kompyuta ya kuazima kutoka kwa mdogo wake. Nakala za nyumbani, walizokuwa wakiziongeza kila jioni, zilikuwa kamili.

"Mwanangu, nibadilishe kitasa?" mkunga alimuuliza Komeo.

"Kwa ninavyojua, mama, hawawezi kusoma kitu." Lakini Komeo mwenyewe hakuwa na uhakika. Kuelezwa ni kitu kimoja, kuona kwa macho ni kingine.

Siku chache baadaye polisi walipiga simu. Muuza kompyuta zilizotumika alikuwa ameletewa mashine iliyofunguliwa vibaya, akatia shaka, akatoa taarifa. Komeo akajiandaa kwenda kituoni. Mkunga akasema mlango ulio hatarini ni wake, kwa hiyo naye anakwenda.

Kompyuta ilikuwa juu ya meza, kifuniko kimeng'olewa. Askari alieleza kwamba wezi walichomoa diski, wakaijaribu kwenye kompyuta nyingine, ambayo nayo ilikamatwa. Akaiwasha hiyo nyingine, diski ikiwa bado ndani. Kioo kikaonyesha kisanduku kitupu na maneno machache: weka ufunguo wa dharura.

"Wamekwama hapo," askari alisema. "Nasikia wewe hakuna kufuli linalokushinda. Hebu tufungulie."

Komeo aliinama, akakitazama kile kisanduku kitupu. Hakuwa amewahi kufurahi hivyo mbele ya kitu kilichofungwa.

"Bila tarakimu zilizoko nyumbani," alisema, "hili limenishinda."

Mkunga alicheka hadi akashika meza. "Nimekupokea mwenyewe siku uliyozaliwa," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia ukisema hivyo."

Kitasa hakukibadilisha. Alirudi nyumbani, akafungua mlango kwa ufunguo wake uleule, akaingia ndani, akajifungia.